Bastola ya 1938 Inatengenezeka, Friji ya Mama Karanga Haitengenezeki

Vijana wenzangu mmezama kwenye video za kufufua silaha kuukuu. Mnazijua. Mzee wa Marekani anafungua boksi, ndani kuna rivolva ya babu yake imeliwa na kutu, dakika ishirini baadaye inang'aa kama sufuria ya harusi. Mnatazama mpaka saa nane za usiku. Mimi pia natazama, sitawadanganya. Lakini kuna jambo ndani ya zile video linanichoma na sioni mtu akilisema, kwa hivyo leo nalisema mimi. Ile bastola ina umri wa miaka themanini, tisini, na inatengenezeka. Spea zipo. Michoro ipo. Yupo mtu mwenye meza, mshahara na aproni ambaye kazi yake ni kuipokea, kuifungua na kuirekebisha vile mwenyewe anataka. Friji ya mama karanga wa Shimoni, iliyonunuliwa juzi tu, haitengenezeki.

Hebu kaa nalo hilo kwanza. Halafu tuendelee.

Nianze na bastola yenyewe, manake kisa chake ni kitamu. Kuna rivolva ya Kiingereza inaitwa Enfield Nambari 2. Iliingia jeshini mwaka 1932, ile ya silinda inayozunguka yenye matundu sita ya risasi. Nyuma yake ina nyundo. Hiyo nyundo ni kipande cha chuma kinachorudi nyuma kisha kinapiga kitako cha risasi, na juu yake kulikuwa na kipembe kidogo, kama ukucha, cha kukivuta kwa kidole gumba. Sasa, wanajeshi wa vifaru wakalalamika. Ndani ya kifaru ni pembamba kama daladala ya magendo, vyuma na nyaya kila upande, unataka kuchomoa bastola, kile kipembe kinanasa. Mwaka 1938 likatoka toleo jipya ambalo nyundo yake haina kipembe kabisa. Hapa ndipo pananifurahisha: zile za mwanzo hazikutupwa. Zilipokuwa zikirudi kwa matengenezo ya kawaida, nyingi zilibadilishwa nyundo palepale, zikatoka zikiwa za mtindo mpya. Ndiyo maana leo Enfield ya mwanzo yenye kipembe chake cha asili ni adimu.

Yaani waliounda kitu walisikia malalamiko ya anayekitumia, wakakirudisha mezani, wakakikata, wakampa tena. Hakuna aliyeambiwa "modeli hiyo imeshapitwa, nunua nyingine."

Wamarekani nao wana kisa chao. Pale kiwanda cha Colt, mji wa Hartford, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa John Henry FitzGerald. Alifanya kazi Colt tangu mwisho wa miaka ya 1910 na kuendelea, na alijulikana kwa kuchukua rivolva za kampuni yake mwenyewe na kuzikata: kipembe cha nyundo kinaondoka, mtutu unafupishwa, ili bastola isishike kwenye kitambaa cha mfuko. Watu mpaka leo wanaziita kwa jina lake. Wapinzani wao, Smith & Wesson, wakaona biashara. Mwaka 1952, kampuni ikitimiza miaka 100, wakatoa rivolva ambayo nyundo yote imefichwa ndani ya mwili wa bastola, na wakaipa jina la hiyo karne yao. Mwaka 1955 wakatoa nyingine ambayo nyundo imefunikwa mbavuni, imebaki ncha tu. Kilichoanza na tupa mkononi mwa fundi kikawa bidhaa rasmi ya kiwandani.

Na mpaka leo viwanda hivi vina idara za mafundi. Sio kwamba wanakubali kila modeli ya zamani, hapana, nyingine wanakwambia hatuna tena. Lakini hata hapo hujafika mwisho wa njia. Marekani kuna maduka yanayouza spea za bunduki zilizoacha kutengenezwa kabla babu yako hajazaliwa. Na kuna hili lililonishangaza zaidi: ukiwaandikia Colt namba ya bastola yako ya zamani, ukalipa ada, wanakutumia barua ya kumbukumbu inayosema bastola hiyo ilitoka kiwandani siku gani na ilipelekwa kwa nani. Kiwanda kinakumbuka kitu kimoja kimoja ilichokiuza miaka mia iliyopita. Sasa chukua namba ile iliyobandikwa nyuma ya friji yenu. Mpigie aliyekuuzia. Mwambie hiyo namba. Uone kama atakumbuka hata rangi.

Kabla sijafika kwa hilo friji, lazima niwapitie watu wawili wanaonikera.

Wa kwanza ni wale wanaosema kitu cha zamani hakiguswi. Kwenye bastola wapo wengi. Ukikata nyundo ya rivolva ya zamani, wakusanyaji wanakulaani kama umebomoa msikiti. "Umeiharibu, haina tena asili." Sawa, nawasikia, kipembe kikikatwa hakirudi, na bei inashuka. Lakini angalia unafiki wao. Bastola hiyo hiyo ikionyeshwa kwa karatasi kwamba ilikatwa na FitzGerald mwenyewe, bei haishuki, inapaa mpaka huko juu. Tupa ni ile ile. Chuma ni kile kile. Kipembe kimeondoka vilevile. Tofauti ni karatasi. Akikata mwenye cheo ni historia, akikata fundi wa kichochoroni ni uharibifu.

Mnaijua hiyo harufu? Sisi tunaishi nayo. Fundi wa Ukunda akifungua simu yako, ni "jua kali, atakuchezea." Mtu wa shati jeupe ndani ya duka lenye kiyoyozi akiifungua, ni mtaalamu, hata kama anachofanya ni kuiweka kwenye mfuko na kuipeleka kwa yule yule fundi wa Ukunda kupitia mlango wa nyuma. Msicheke, yapo.

Wa pili ni nyinyi mnaotaka kujaribu. Nimeona maswali yenu. Eti gobore la babu liko juu ya dari, mtu anaweza kulifufua? Yakhe, hapana. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kumiliki bila cheti ni kosa, na kufanya biashara ya kutengeneza silaha bila kusajiliwa ni kosa jingine juu yake. Ukilipata la zamani kwenye dari, liache hapo hapo na mwite mzee wa mtaa na chifu, usilitie hata mafuta.

Na mimi kwa hili sitoi udhuru, kwa sababu mimi ni mtu wa Kwale. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likachukua bunduki zaidi ya 40. Wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa Likoni na sehemu za Kwale, na wengine kama laki moja wakahama makwao, wengine hawakurudi tena. Kaya Bombo, ndilo jina wazee hulitaja kwa sauti ya chini. Tume ya Jaji Akiwumi ilikaa, ikaandika, ripoti ikatoka hadharani 2002. Kwa hivyo bastola kwangu sio kitu cha hamu. Kule kwa wenzetu ni urithi wa babu kwenye boksi la mbao. Huku ni mlango kugongwa usiku. Nikiona kijana wa Msambweni anaweka picha ya bastola kama pambo la ukurasa wake, namwonea huruma na pia naogopa kwa niaba yake, manake askari akiiona hatauliza kama ni pambo.

Basi sikusimulia habari ya nyundo ili mpende bunduki. Nimewasimulia kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wauzaji wetu wanatuambia hakiwezekani. Wanasema kitu chenye sehemu nyingi ndogo hakiwezi kuwekewa spea miaka mingi. Inawezekana, angalia rivolva. Wanasema mteja hawezi kuruhusiwa kubadilisha kitu kiwe vile anavyokihitaji yeye. Inawezekana, angalia nyundo. Wanasema ni hatari kutoa michoro na vipuri kwa mafundi wa nje. Jameni, ni hatari kuliko bunduki? Kifaa ambacho kikikosewa kinaua mtu kimewekewa spea kwa karne nzima. Kifaa ambacho kikikosewa samaki wanaoza kimefungwa kwa gundi.

Nikisema gundi namaanisha gundi.

Shangazi yangu ni mama karanga. Kwa msiojua kazi hiyo, na najua wapo wa Nairobi humu: boti ikifika diko, kina mama wanagombania samaki wadogo, wanawasafisha, wanawakaanga, wanazunguka nao vijijini. Faida iko kwenye kuhifadhi. Siku bahari ina samaki bei iko chini, unanunua, unaweka. Kusi likivuma boti hazitoki, bei inapanda, unatoa ulichoweka. Bila friji wewe ni mtumwa wa siku hiyo hiyo. Akachukua mkopo kwenye chama chao, akanunua friji la sola. Lilifanya kazi vizuri, sitalisingizia. Mwaka wa tatu likazima. Muuzaji, ambaye jina lake silitaji, akamwambia modeli hiyo haiji tena na bodi haiuzwi peke yake, ila kuna mpya, na akiwa mteja wa zamani atapunguziwa kidogo.

Tulilipeleka kwa fundi. Kijana wa makamo, hajasoma chuo kikubwa, lakini mikono yake ina akili. Akalifungua akaniita nione. Kompresa nzima. Gesi ipo. Feni nzima. Kilichokufa ni kibodi kimoja kidogo cha umeme, ukubwa wa kiganja, na kilikuwa kimemwagiwa gundi nyeusi ngumu juu yake chote, huoni hata kilichomo. Alikwangua kwa subira karibu saa nzima. Akafika kwenye chipu. Namba yake imekwanguliwa. Sio kwamba imefutika, imekwanguliwa kwa makusudi, unaona michirizi. Akaniambia, "Hapa ningejua namba tu, ningeiagiza kwa mia tano." Mia tano! Kitu cha maelfu na maelfu kimekufa kwa ajili ya namba iliyokwanguliwa. Lile friji leo ni kabati la unga, na mkopo ulibaki wa kulipa.

Mtu atasema gundi ni ya kuzuia maji na chumvi. Ndiyo, huku chumvi ya bahari inakula kila kitu, nakubali gundi. Nielezee basi namba kukwanguliwa. Chumvi gani hiyo inayosoma namba?

Na msidhani teknolojia ndiyo inalazimisha hivi. Nendeni pale mapwani Shimoni, Mkwiro, Vanga, muangalie injini za boti. Ile Yamaha Enduro ya farasi 40 imezagaa Afrika nzima. Imeuzwa miongo na miongo karibu bila kubadilika. Kabureta, plagi, pistoni mbili, basi. Fundi anaifungua juu ya gunia hapo mchangani, boti inarudi majini. Spea yake unapata hata kwa muuza nyavu. Ina aibu zake, inachanganya mafuta na oili, inatoa moshi, na kina mama wa mwani hawapendi ile mafuta inayoelea juu ya kamba zao, wana haki kabisa. Lakini kampuni iliamua kwamba mvuvi wa mbali ataweza kuitengeneza mwenyewe, na kwa uamuzi huo ikajaza bahari yote. Hakuna aliyefilisika kwa kuuza kitu kinachotengenezeka.

Kwa mwani ndio inaniuma zaidi, kwa sababu ndio Kibuyuni yenyewe. Kina mama wetu, na vijana wachache, wanalima mwani hapa zaidi ya miaka kumi sasa. Bamvua likitoa maji wanashuka kufunga mbegu kwenye kamba, wiki kama sita baadaye wanavuna, wanaanika juu ya vichanja. Mwani mkavu ukiuzwa hivyo hivyo, bei ni ya kusikitisha. Ukisagwa ukawa unga, ukaingia kwenye sabuni na shampuu, hapo kuna pesa. Lakini kusaga kunataka mashine, na mashine nyingi zinazokuja vijijini zinakuja kwa sherehe, zinakatwa utepe, zinapigwa picha. Hakuna anayeuliza siku ya utepe: beringi yake ni namba ngapi? Kisu chake kikiisha tunakipata wapi? Karatasi ya michoro iko wapi? Mimi nasema kiongozi yeyote anayekuja kukabidhi mashine bila kukabidhi na kitabu chake na sanduku la spea, amekabidhi picha.

Kisha mnaniambia Kenya haina uwezo wa viwanda. Aprili 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua kiwanda cha silaha ndogo pale Ruiru. Kiligharimu bilioni 4, na tuliambiwa kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kiwanda cha risasi cha Eldoret kipo tangu miaka ya 1990. Sawa, nchi ina ulinzi wake, sibishi hapo. Ila maana yake tunajua kukata chuma. Tunajua kutengeneza kisehemu kinachotoshea kwenye kisehemu kingine kwa unyoya. Nchi inayoweza kuunda nyundo ya bunduki haishindwi na kisu cha mashine ya mwani. Haijaamua tu.

Na simu je? Tangu 2023 kuna kiwanda Athi River kinachounganisha simu. Kwa hivyo ule udhuru wa "kiwanda kiko Uchina, tufanye nini" umekufa. Kiko barabara ya Mombasa! Unapita mbele yake ukienda Nairobi na basi la usiku. Swali langu kwao ni dogo: je, kioo na betri ya simu mnayouza leo vitakuwa dukani miaka mingapi? Wenzetu Ulaya wameshajibu kwa sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima spea zake muhimu zipatikane miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ufaransa tangu 2021 wanabandika alama dukani, kumi juu ya kumi, inayoonyesha kifaa kinatengenezeka kwa urahisi gani. Unasimama mbele ya kifaa unaona bei, na pembeni unaona 4 au 8. Ni kampuni zilezile zinazouza huku. Simu ileile. Kule mnunuzi ana haki ya skrubu, huku ana haki ya kununua nyingine.

Msiniambie pia kwamba sisi hatuna sheria. Tunayo, na nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kisome mwenyewe, ni kifupi. Sasa mimi nauliza, mchoro wa bodi ya friji sio habari inayohitajika ili nifaidike na friji? Namba ya chipu sio habari? Mtu aliyekwangua ile namba amekwangua kifungu cha 46, na nangoja wakili mmoja tu kijana, mmoja, alipeleke hilo mahakamani badala ya kuvaa suti na kupiga picha ngazini.

Najua watakachosema wauzaji, wameshaniambia wengine. "Ukiwapa mafundi wa mtaani kila kitu, watu watapigwa na umeme." Umeme ni hatari, kweli. Dawa yake ni kufundisha, sio kuficha. Wale mafundi wa kiwanda cha bastola hawakuzaliwa wanajua, walifundishwa, wakapimwa, wakapewa benchi. Huku kuna mitihani ya ufundi ya serikali, na tangu 2024 kuna mpango wa kumtambua mtu kwa ujuzi aliojifunzia kazini hata kama hakukaa darasani. Vizuri. Lakini cheti bila spea ni nini? Unampa fundi karatasi inayosema anajua kutengeneza, halafu unamfungia kitu cha kutengeneza.

Wengine watasema bei. Kwamba kifaa kinachofunguka kwa skrubu ni ghali kuliko cha gundi. Labda shilingi kadhaa. Hesabu basi na mkopo wa shangazi yangu, na samaki waliooza wiki ile, na friji la pili ambalo hajalinunua mpaka leo, halafu uje uniambie kipi ghali.

Na nyinyi watu wa rika langu, mna sehemu yenu. Mnamdharau fundi mpaka simu iingie maji. Mnapenda kufungua boksi jipya mbele ya kamera, nailoni ikichanwa polepole, hakuna anayerekodi nati ikifunguliwa. Mzee wa Marekani akikata nyundo kwa tupa mnasema "msanii." Kijana wa Ukunda akikwangua gundi saa nzima kuokoa friji la mtu mnasema "anabahatisha." Mikono ni ile ile, jamani. Nataka video zake zitazamwe kama za yule mzee, na nitaanza kuzirekodi mwenyewe, tayari amekubali, sharti lake nisionyeshe uso.

Mambo ninayotaka ni matatu na sio makubwa. Kila friji, simu, injini na mashine inayouzwa Kenya iandikwe kwenye boksi ni miaka mingapi spea zake zitapatikana. Namba za vipuri zisikwanguliwe, na atakayekwangua atozwe faini. Na kaunti ya Kwale isipokee wala isinunue mashine yoyote ya umma isiyokuja na kitabu chake na spea za kuanzia, hata kama anayekabidhi ni nani na utepe ni wa rangi gani.

Muuzaji yeyote wa friji kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga ambaye anaona nimemsingizia, anionyeshe bodi moja ya akiba iliyo dukani kwake sasa hivi, na bei yake. Nitakuja na kamera na fundi wangu, na nitaweka jibu lake lote bila kukata.